Gari Fupi la Baba na Fundi Musyoka

Wiki jana nilibadilisha filta ya dizeli mwenyewe, nje ya nyumba ninayoishi mtaa wa Jamhuri, na harufu ikakataa kutoka mikononi hata baada ya kunawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Nilipoketi kunywa chai, niliinusa kwenye kikombe. Kuna watu ambao harufu hiyo huwachefua. Mimi hunirudisha nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwetu mtaa wa Satellite, na hunirudishia pamoja nayo hasira ambayo sijawahi kuiweka chini, wala sina haraka ya kuiweka.

Nina gari fupi la dizeli, fowili, yaani linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, milango miwili na mmoja wa nyuma. Anayelijua gari la namna hii hahitaji kuelezwa. Asubuhi huliwashi kwa papara. Unageuza ufunguo nusu, unangoja hita zipate moto, ndipo unapiga, nalo linaamka likitikisika kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kwa kuwa ni fupi, kila tuta la Ngong Road linakurusha mara mbili, gurudumu la nyuma likilifikia tuta kabla hujatulia kutoka la mbele. Usukani ni mzito, na ukitoka mjini jioni mabega yanajua ulikuwa wapi. Lakini linageuka mahali ambapo gari refu lingeenda mbele na nyuma mara tatu, na mvua ikinyesha Riruta, wenye magari ya kupendeza wakiwa wameegesha wakingoja maji yapungue, mimi napita. Wenzangu ofisini huniuliza, "Si ununue gari ya mwanamke?" Nawaambia hii ndiyo gari ya mwanamke.

Sharti langu ni moja tu. Hakuna fundi anayefungua boneti yangu nikiwa sipo. Nitaketi hapo juu ya tairi kuukuu mpaka amalize, hata iwe siku nzima. Mafundi wengi hununa. Wanune tu. Aliyenifundisha sharti hilo alikuwa fundi mwenzao, jina lake Musyoka.

Baba alikuwa daktari wa mifugo wa kujitegemea. Alikuwa na gari kama hili langu, la zamani zaidi, la rangi ya udongo, alilolipata kwenye mnada wa magari ya serikali kabla sijazaliwa. Nyuma lilikuwa na viti viwili virefu vinavyotazamana, na hapo ndipo mimi na dada yangu Kalekye tulipokulia, katikati ya kamba, ndoo, mabuti ya mpira na sanduku la dawa. Ng'ombe akishindwa kuzaa huko Dagoretti au Kikuyu, mtu alitumwa kwetu mbio, naye Baba aliondoka hapo hapo. Njia za kule zilikuwa za udongo mwekundu, na mvua ikinyesha ni sawa na kupanda mche wa sabuni. Baba alisimama chini ya mlima, akashuka, akafunga magurudumu ya mbele kwa mkono ili nayo yavute, akapanda tena, akaingiza gia ndogo, kisha akaondoa mguu kabisa kwenye mafuta. "Usilikimbize," alikuwa akisema, sijui akituambia sisi au akijiambia mwenyewe. "Liachie. Linajua." Nasi tulipanda, polepole kama kobe, hadi juu.

Sauti ya injini ile niliijua kuliko sauti za shangazi zangu. Baba alipopunguza mafuta, kabla haijatulia, ilikohoa mara tatu fupi na mara moja ndefu: ke-ke-ke, keeeh. Kila jioni nilisimama getini nikaisikia ikikata kona kutoka Naivasha Road, nikamwambia Mama ateleke maji ya chai. Hakuna siku niliyokosea.

Likizo moja ya Agosti Baba alikuwa akipaka geti letu rangi ya kijani. Gari lilikuwa kando, boneti wazi, kwa kuwa asubuhi alikuwa amesafisha injini. Alipoingia ndani kula, nilipanda bampa na kopo la rangi. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka injini nayo ipate sikukuu. Kopo likaniponyoka, rangi ikamwagikia pampu ya dizeli, kile chuma cha ukubwa wa kikombe kikubwa kinachosukuma mafuta kwenda kwenye injini kupitia mabomba manne membamba. Nilijaribu kupangusa kwa mkono, nikaingiza vidole mpaka chini yake, nikazidi kuchafua. Kisha nikanawa kwa mafuta taa na kujificha nyuma ya choo. Baba alipotoka alimkuta Kalekye amesimama karibu na kopo. Akachapwa yeye. Na yalipofika maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park, ambako Baba alitupeleka kila mwaka kuona mafahali, Kalekye aliachwa nyumbani. Mimi nilienda. Nilikula pamba ya sukari na kunyamaza.

Muda si mrefu baadaye nyanya yetu, mama yake Baba, alifariki kule Kitui. Nina jina lake, ndiyo maana Baba alikuwa akiniita mwaitu, yaani mama yangu. Breki za gari zilikuwa zimeisha, kwa hiyo tulienda mazishini kwa basi, tukakaa siku kumi, na gari likaachwa kwa Fundi Musyoka. Huyu alikuwa rafiki wa Baba. Walitoka kijiji kimoja, na kanisani walisimama bega kwa bega katika kwaya ya wanaume. Alikuwa na gereji ya mabati kando ya Naivasha Road, na ndani yake gari fupi la dizeli kama letu, ila jeupe, ambalo lilikuwa limelala juu ya mawe tangu nilipoanza kusoma.

"Enda uzike mzazi, ndugu yangu," alimwambia Baba, mkono begani. "Gari yako iko kwa nyumba ya ndugu yako."

Tuliporudi, breki zilikuwa nzuri. Gari lenyewe ndilo lililokuwa limeharibika. Lilitoa moshi mweusi, likapanda mteremko mdogo likihema kama mwenye pumu, na asubuhi lilikataa kuwaka hadi lisukumwe. Na kile kikohozi kilikuwa kimetoweka.

"Baba, hii si gari yetu," nilimwambia.

"Ni hii hii, mwaitu. Imechoka tu, kama mimi."

Akalirudisha kwa Musyoka. Nilikuwepo. Musyoka aliinama juu ya injini, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma kama anayetazama maiti. "Baba Kalekye, nikuambie ukweli? Umeiua wewe mwenyewe. Hiyo dizeli wafugaji wanakuwekea na mitungi ndiyo imekula pampu." Baba akaamini. Ungemwonaje mwongo mtu aliyekushika bega ukienda kumzika mama yako? Alirudi nyumbani akamwambia Mama kwamba kosa lilikuwa lake.

Kisha mvua za masika zikaja. Jumamosi moja tuliitwa kwa mama mmoja mzee upande wa Kikuyu, ng'ombe wake wa pekee alikuwa na ndama aliyekaa vibaya tumboni. Gari lilifika nusu ya mlima likazima. Baba alijaribu mara nne. Mara ya tano alinyakua sanduku la dawa akakimbia, akianguka na kuinuka, nami nyuma yake nikibeba kamba. Tulipofika, ng'ombe alikuwa ameshanyoosha miguu. Yule mama hakupiga kelele. Alimtazama Baba aliyejaa matope hadi kifuani, akasema, "Daktari, ungekuja na miguu tangu kwako, ungefika mapema."

Maneno yale yalizunguka vijiji vyote haraka kuliko gari lolote. Wafugaji wakapata daktari mwingine. Baba akawa anaamka, anavaa mabuti yake yaliyooshwa, anaketi mlangoni, na hakuna anayekuja. Nilitaka kumchukia mtu, lakini sikuwa na wa kumchukia.

Nilimpata jioni moja nikiwa getini. Nilisikia kona ya Naivasha Road ikikohoa: ke-ke-ke, keeeh. Nilipiga mbio hadi jikoni. "Mama, teleka maji, Baba amekuja, gari imepona!" Mama akateleka. Nikafungua geti kwa mikono miwili. Likapita gari jeupe, limeoshwa likang'aa, Fundi Musyoka akiwa ndani na kiwiko dirishani. Akanipungia. Nyuma yangu, Baba alikuwa ameketi mlangoni na mabuti yake; kwa mbio zangu nilikuwa nimempita bila kumwona.

Jumapili iliyofuata Musyoka alifungua boneti uwanjani mwa kanisa aongeze maji, nami nikapita karibu makusudi. Niliona matone ya kijani juu ya pampu. Kijani cha geti letu.

Nilimwambia Baba siku hiyo hiyo. Alifungua boneti yetu, akafuta masizi kwenye pampu asione hata tone la kijani, kisha akauliza, "Una hakika ni ile rangi ya pampu yetu, mwaitu?"

"Ni ile Kalekye alimwaga."

"Usiambie mtu," akasema. "Hata mama yako."

Nikangoja. Nilidhani ataondoka usiku ule ule na panga. Badala yake, siku ya mazoezi ya kwaya nilimwona akicheka na Musyoka, akimpa mkono, akimmiminia chai kutoka kwenye birika. Wiki mbili mfululizo alicheka naye. Niliamua kwamba Baba ni mwoga. Nilianza kumjibu kwa mkato, na chakula alichonipakulia nikakiacha. Mtoto wa miaka tisa hajui kwamba kuna watu wakikasirika sana huwa wapole.

Ikafika Jumapili ya mavuno, siku ambayo kila familia hupeleka kanisani ndizi, maboga, kuku. Siku hiyo tulienda kwa miguu. Baba alibeba kiondo kizito kilichofunikwa kwa magazeti, naye hakutaka kusaidiwa. Nilidhani ndani mna sadaka yetu ya viazi vikuu. Nikashangaa wengine walipopeleka vyao madhabahuni yeye akabaki na kiondo katikati ya miguu yake.

Ibada ilipokwisha watu walijaa uwanjani. Baba alivua koti la suti, akalikunja, akampa Mama. Akakunja mikono ya shati. Kisha akatembea hadi kwenye gari jeupe, akafungua boneti, akatoa spana kwenye kiondo.

"Wee! Baba Kalekye!" Musyoka alikuja mbio. "Unafanya nini kwa gari yangu?"

"Nachukua kitu yangu," Baba akasema. Hakupandisha sauti. "Pampu uliyotoa kwa gari yangu nikienda kuzika mama."

Watu wakasogea karibu. Musyoka aliangalia huku na huku, akacheka. "Ati pampu yako! Iko na jina?"

"Iko na rangi ya geti yangu. Kalekye, njoo uwaambie vile ulimwaga."

Kalekye alisogea mbele. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa amechoka kubeba mzigo wangu. "Mimi sikumwaga," alisema. "Nilichapwa bure. Sijui nani alimwaga."

"Mmesikia?" Musyoka aliwageukia watu, na uso wake ukapata damu tena. "Mtu anachafua jina yangu mbele ya kanisa, na mtoto wake mwenyewe anamkana. Rangi ya kijani iko kila mahali! Hata mlango wa gereji yangu ni kijani."

Nilimwona Baba akiwa na spana mkononi, na watu wakianza kunong'ona, na kwa mara ya kwanza nikaona akirudi hatua nyuma. Nilitaka kukimbia nyumbani. Lakini chuki nayo ina miguu yake, ikanibeba.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye nilimwaga. Kalekye alichapwa kwa ajili yangu." Mama akashika mdomo. "Na nilipangusa. Nilipitisha vidole chini ya pampu, mahali hapaonekani. Alama ziko huko chini mpaka leo. Nne."

"Mtoto amefundishwa huyo!" Musyoka alisimama kati ya Baba na injini. "Hakuna mtu ataguza gari yangu!"

Mchungaji alikuwa amekaribia, Biblia kwapani. "Fundi," akamwambia kwa upole, "kama ni yako, utaogopa nini ikitolewa? Mwache aangalie."

Baba alifanya kazi kama anayemtibu ng'ombe, bila haraka. Alifungua mabomba manne moja baada ya jingine, akafungua nati tatu, na hakuna aliyeondoka kwenda nyumbani. Alipoiinua pampu ikichuruzika dizeli, aliigeuza juu chini mbele ya mchungaji. Zilikuwepo. Alama nne za kijani, nyembamba, zimejipanga kama kucha za paka. Baba alichukua mkono wangu akauweka kando yazo. Vidole vyangu vilikuwa vimeshakua kidogo, lakini hakuna aliyekuwa na swali tena.

Kisha akafunua magazeti ndani ya kiondo. Mlikuwa na pampu nyingine, kuukuu, nyeusi kwa masizi. Aliiweka taratibu juu ya kiti cha dereva wa gari jeupe.

"Hii ni yako," alimwambia Musyoka. "Uliniazima nikienda kuzika mama yangu. Nimeirudisha."

Siwezi kueleza utamu wa siku ile. Watu wazima husema kisasi ni kichungu, labda walikila kikiwa kimechacha. Changu kilikuwa cha moto kutoka jikoni. Kesho yake Baba alifunga pampu, na gari likakohoa uani mwetu mpaka Mama akalia.

Kalekye naye alikuwa na chake. Hakunisemesha siku nne. Ya tano alichukua viatu vyangu vya kanisa, vyeupe, akaketi kizingitini, akavipaka vyote viwili kwa rangi ya geti iliyobaki, taratibu, mbele yangu, bila kuruka hata mshono. Sikulia wala sikusema kwa Mama. Nilimshikia kopo.

Gari jeupe lilibaki uwanjani mwa kanisa. Pampu ile ilikuwa imekufa kabisa, na mafundi wenzake Musyoka wa Riruta, ambao wangeweza kumsaidia, walisema hawataki mikono yao ionekane kwenye injini ile. Nyasi zikaanza kuota kwenye magurudumu. Wazee wa kanisa wakamwambia aliondoe. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alikuja kwetu kwa miguu. Baba hakumkaribisha ndani. Walisimama getini.

"Baba Kalekye, nimekosa," alisema akitazama chini. "Nilikuwa na shida. Nisamehe. Na kama unaweza, nivute tu hadi gereji. Ni hapo karibu."

"Nimekusamehe," Baba akasema. "Nitakuvuta. Kamba ninayo."

Nilishindwa kuamini masikio yangu. Niliruka nyuma ya gari bila kuitwa, nikapiga magoti juu ya kiti, nikakabili kioo cha mlango wa nyuma. Baba alifunga kamba kwa fundo alilotumia kuvuta ndama, Musyoka akaketi kwenye usukani wa gari lake lisilo na uhai, tukaondoka. Kutoka kanisani hadi gereji ile ni mwendo wa kumaliza kutafuna kipande kimoja cha muwa. Baba alitumia gia ya kwanza. Tulipoifikia gereji, hakukata kona.

"Baba, tumepita."

"Najua."

Tulipita mafundi wa mabodi, waziba pancha, wauza vipuri. Wote walikuwa wanamjua Musyoka. Wengine waliacha kazi wakasimama na spana mikononi. Mmoja alipaza sauti, "Fundi, sasa! Umepata pampu?" na kicheko kikatufuata barabarani. Baba aliendelea, mwendo wa msafara wa maziko, hadi Dagoretti Corner. Mimi nilidhani huzuni ya nyanya imemchanganya akili. Nilimhurumia.

"Baba, umepotea njia?"

"Kaa vizuri, mwaitu," akajibu, akageuza gari lile fupi kwa mkupuo mmoja, na Musyoka nyuma yetu akahangaika na usukani wake mzito kutufuata.

Nilifunzwa kwamba mtoto hamkazii mtu mzima macho. Siku ile nilimkazia Musyoka. Yeye alilazimika kutazama kamba isilegee, na kamba ilianzia chini ya magoti yangu, kwa hiyo kila alipoinua uso alinikuta. Mwanzo alikwepa. Kisha akashindwa kukwepa. Jasho lilimtiririka, akalifuta kwa bega. Tulipokaribia tena gereji yake, alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akauinua kwangu kiganja wazi, na midomo yake ikasema neno polepole ili nilielewe kupitia vioo viwili. Nililielewa vizuri sana. Alisema, "Mwambie inatosha."

Baba aliniona kwenye kioo cha dereva. "Anasema nini huyo?" akauliza.

"Hasemi kitu," nilimjibu.

Gereji ikapita upande wa kushoto, na Baba akaendelea moja kwa moja kuelekea Kawangware.